Karatasi Iliyo Ukutani Haijui Kwamba Menyu Imebadilika

Mama mmoja anayeuza vitunguu na viazi pale soko la Kongowea, Mombasa, alipiga simu kwetu siku ya Jumanne mchana. Hakuwa anapiga kelele. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mteja anayepiga kelele mara nyingi bado ana matumaini.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimefuata vile mulivyoandika nyinyi wenyewe. Moja, mbili, tatu. Sasa pesa yangu iko wapi?"

Kwa kawaida simu za wateja hazifiki kwenye meza yangu. Kazi yangu ni kuandika zile kurasa za maelezo: bonyeza hapa, chagua hivi, weka PIN, ngoja ujumbe. Hii simu ililetwa kwangu kwa sababu mhudumu alimuuliza ni nani aliyemwambia afanye alivyofanya, na mama akamsomea anwani iliyochapishwa chini ya karatasi aliyokuwa nayo. Ulikuwa ukurasa wetu. Na niliyeuandika ni mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Alikuwa anamtumia mwenye lori shilingi 18,500 za mzigo. Tarakimu moja ikamponyoka, pesa zikaenda kwa mtu asiyemjua. Alipoona jina geni kwenye meseji hakubabaika, kwa sababu juu ya mizani yake kulikuwa na karatasi ambayo mpwa wake aliichapisha saiba na kuifunika kwa plastiki, yenye kichwa "Ukituma Pesa kwa Namba Isiyo Sahihi". Hatua ya kwanza: piga simu kwa huduma kwa wateja. Ya pili: subiri mhudumu. Ya tatu: mtajie namba ya muamala. Akapiga, akasubiri. Ilikuwa siku yenye foleni, na alisikiliza ule muziki wetu kwa dakika arobaini.

Sasa sikiliza. Miezi kumi na moja kabla ya siku hiyo, wahandisi wetu walikuwa wameongeza kitu kipya kwenye menyu: unachagua muamala ulioukosea, unaomba urudishwe, na zile pesa zinazuiliwa papo hapo kwenye akaunti ya aliyepokea hadi jambo lichunguzwe. Ni kazi ya nusu dakika. Ilikuwa pale pale, kwenye simu aliyoishika sikioni. Lakini ukurasa wangu bado ulikuwa unasema piga simu, na karatasi yake ilikuwa inasema kile ukurasa wangu ulichosema.

Mhudumu alipompata, yule mtu alikuwa ameshapita kwa wakala na kutoa shilingi 12,300. Zilizobaki, 6,200, zilizuiliwa na mama akarudishiwa. Zile zingine kampuni ilimfidia baada ya mvutano wa wiki tatu humu ndani, na sitajifanya kwamba mvutano huo haukuwepo. Kuna waliosema mteja ndiye aliyekosea namba. Kweli, alikosea namba. Lakini nusu saa na zaidi aliyoipoteza kwenye foleni ilikuwa yetu, si yake.

Nilirudi nikausoma ule ukurasa neno kwa neno. Hakukuwa na sentensi hata moja ya uongo siku nilipouandika.

Maelezo mabovu na maelezo yaliyochacha

Watu wengi wanajua maelezo mabovu yakoje: hayaeleweki, yana makosa, hatua imerukwa. Hayo hayaui sana, kwa sababu ukiyasoma unaona mara moja kuwa ni mabovu, unayaacha na kuuliza jirani. Yaliyochacha ni shida nyingine. Yameandikwa vizuri, yana namba za hatua, yana nembo ya kampuni, na yaliwahi kufanya kazi. Ndiyo maana unayaamini.

Nimefikiria sana kuhusu yule mama. Kama asingekuwa na karatasi kabisa, angefanya nini? Nadhani angefungua menyu na kuanza kutafuta, vile sisi wote hufanya tukichanganyikiwa. Angeliona lile chaguo jipya. Karatasi ndiyo iliyomzuia kutafuta.

Ndani ya kampuni ya programu kuna maandishi ya aina hiyo mengi kuliko mteja anavyofikiria. Si kurasa za wateja tu. Kuna kitabu cha hatua cha mhudumu wa simu, kinachomwambia aulize nini kwanza na asiahidi nini. Kuna kitabu cha wahandisi wa zamu ya usiku: mtambo fulani ukikwama saa tisa usiku, fanya hiki, halafu hiki, na usiguse kile. Kuna hatua za kuingiza toleo jipya la programu kwenye seva na hatua za kulirudisha nyuma likileta balaa. Yote hayo yaliandikwa siku moja na mtu aliyekuwa anaelewa mtambo ulivyokuwa siku hiyo. Kisha mtambo ukaendelea kubadilika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kufanya, na maandishi yakabaki pale pale.

Hakuna anayeona maandishi yakichacha. Programu ikiharibika taa nyekundu inawaka mahali, simu zinaanza kulia, na mtu anaamshwa. Ukurasa ukichacha, kimya. Unajulikana siku mtu anauhitaji, na siku hiyo huwa ni mbaya tayari.

Menyu moja, sura tatu

Wateja hutuuliza: kwani ni ngumu kiasi gani kubadilisha ukurasa? Si uandike upya tu? Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwenye simu yako.

Huduma za pesa kwa simu hapa Kenya zilianza mwaka 2007 zikiwa ndani ya laini yenyewe. Ile menyu uliyokuwa ukiifungua kwenye kabambe ilikuwa programu ndogo iliyokaa kwenye kadi. Kampuni inaweza kuituma ikiwa mpya kwa mbali, lakini laini iliyokaa kwenye simu miaka mingi inaweza kuendelea kuonyesha menyu ya zamani. Kisha ikaja menyu ya kupiga namba inayoanza na nyota na kuishia na #. Hiyo haikai kwenye simu yako hata kidogo. Iko kwenye kompyuta za kampuni, kwa hivyo ikibadilishwa leo asubuhi, inabadilika kwa kila mtu leo asubuhi. Na ya tatu ni apu ya simu janja, ambayo inabadilika siku wewe utakapoipakua upya. Kuna wanaoipakua siku hiyo hiyo, na kuna wanaongoja mwaka kwa sababu bando ni pesa.

Kwa hivyo watu watatu wamekaa kwenye matatu moja, kila mmoja anatumia huduma ile ile, na kila mmoja anaona maneno tofauti kwenye kioo. Ukurasa unaosema "chagua namba 6" ni sahihi kwa mmoja na ni upotevu kwa wawili. Tulichojifunza, na tulijifunza tukiwa tumechelewa, ni kutaja jina la chaguo na si namba yake, na kusema wazi juu kabisa ukurasa unahusu menyu ipi.

Halafu kuna mambo yasiyotoka kwetu. Chukua Machi 2020, corona ilipoingia. Benki Kuu ikatangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kungekuwa bure, na kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapanda hadi 150,000. Maduka mangapi yalibandika tangazo "kutuma chini ya elfu ni bure"? Mengi. Ile ya bure iliisha mwisho wa Desemba mwaka huo. Kuanzia Januari 2021 kilichobaki bure ni kutuma hadi shilingi 100. Matangazo mengine yalibaki ukutani muda mrefu baadaye, na wahudumu wetu ndio waliokuwa wakieleza kwa nini mteja amekatwa ada ilhali duka limeandika bure. Julai 2023 ushuru wa serikali kwenye ada za kutuma pesa ukapanda kutoka asilimia 12 hadi 15, na kila jedwali la ada lililokuwa limechapishwa nchini likageuka la kale usiku mmoja. Mwaka huo huo serikali ikaagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen kwa Paybill moja, 222222. Fikiria ni ofisi ngapi zilikuwa na namba yao ya zamani imepakwa rangi kwenye ukuta wa saruji.

Namba iliyopakwa rangi kwenye saruji haifutwi na mtu kwa furaha.

Usiku mmoja wa Januari

Usifikirie hili ni tatizo la kampuni ndogo au la Kenya. Kisa ninachowasimulia wafanyakazi wapya kilitokea kwa kampuni iitwayo GitLab, ambayo huwahifadhia watengenezaji programu wa dunia nzima kazi zao. Najua kwa undani kilichotokea kwa sababu wao wenyewe walikiandika na kukiweka hadharani, jambo ambalo nawaheshimu kwalo mpaka leo.

Ilikuwa usiku wa tarehe 31 Januari 2017. Walikuwa na hifadhidata mbili, yaani daftari kuu la kompyuta na nakala yake inayolifuata nyuma nyuma. Nakala ilikuwa imeachwa mbali, na mhandisi mmoja alikuwa anajaribu kuirudisha kwenye mstari. Amri aliyoitumia ikakaa kimya, haisemi inafanya kazi wala haisemi imekwama. Ukweli ni kwamba ilikuwa inangoja tu, na kungoja huko ni kawaida yake. Lakini kitabu chao cha hatua hakikueleza jambo hilo vizuri. Akadhani kuna mabaki ya faili yanayoizuia, akaamua kuyafuta. Akayafuta. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kwamba hakuwa kwenye seva ya nakala. Alikuwa kwenye ile kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki kama 4.5.

Haya, kosa la mkono. Linatokea kwa yeyote, na kampuni yoyote makini ina akiba. Wao pia walikuwa nayo, kwa maandishi. Hatua zilikuwepo: kila siku nakala ya akiba inatengenezwa na kupelekwa kwenye ghala la mbali. Wakaenda kwenye ghala. Lilikuwa tupu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Hifadhidata yenyewe ilikuwa imehamia toleo la 9.6. Programu ya kutengeneza akiba ilikuwa inatumia zana za toleo la 9.2, na hizo mbili hazikubaliani. Kwa hivyo ilikuwa ikijaribu kisha inashindwa. Ilikuwa hata inatuma barua pepe kusema imeshindwa, lakini barua hizo hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa, basi mtambo wa barua ukawa unazikataa. Kwenye karatasi akiba ipo. Kwenye ghala hakuna kitu.

Waliokolewa na bahati. Yule yule mhandisi, saa sita hivi kabla ya mkasa, alikuwa amechukua nakala kwa mkono kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Wakarudisha hiyo. Kilichopotea ni saa sita za kazi za watu: takriban miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Huku wakihangaika, walifungua kamera na kuonyesha kazi yote moja kwa moja kwenye YouTube.

Katika taarifa yao walijiuliza kwa nini basi, kwa nini hakuna aliyekuwa akijaribu zile hatua za akiba mara kwa mara aone kama bado zinafanya kazi. Jibu walilojipa ni kwamba kazi hiyo haikuwa na mwenyewe. Haikuwa ya mtu.

Kisa kingine nitakipitia haraka. Agosti 1, 2012, kampuni ya biashara ya hisa huko Marekani iliyoitwa Knight Capital iliingiza programu mpya kwenye seva nane. Fundi aliiweka kwenye saba, ya nane akaisahau. Soko lilipofunguliwa, ile seva moja ikaanza kununua na kuuza kwa kutumia programu ya zamani, na kwa dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460. Wasimamizi wa soko la hisa waliochunguza walikuta hakukuwa na maandishi yoyote yaliyomtaka fundi wa pili akague kazi ya wa kwanza. Kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 12 mwaka 2013, ingawa kufikia hapo faini ndiyo iliyokuwa shida ndogo.

Mnaona tofauti. Hawa wa pili hawakuwa na hatua zilizoandikwa. Wale wa kwanza walikuwa nazo na wakaziamini. Ukiniuliza ni kipi kinanitisha zaidi, ni kile cha kwanza, kwa sababu asiye na maandishi anajua hana.

Tulichobadilisha humu ndani

Baada ya kisa cha Kongowea tulikaa chini. Wazo la kwanza, ambalo hutoka kila mara, lilikuwa "tupitie kurasa zote mara moja tuzisafishe". Tulifanya. Wiki mbili, watu wanne, chai nyingi. Miezi mitatu baadaye kurasa tisa zilikuwa zimechacha tena. Kusafisha nyumba mara moja si kufagia kila siku.

Kilichosaidia ni kuhamisha maandishi yakakae karibu na kazi. Zamani mhandisi alimaliza kubadilisha menyu, akatangaza kazi imeisha, na mimi nikajulishwa baadaye, kama nilijulishwa. Siku hizi maelezo ya wateja yanakaa katika ghala moja na msimbo wa programu yenyewe, na mabadiliko ya menyu hayapitishwi kama ukurasa unaohusika haujabadilishwa pamoja nayo. Mkaguzi anaviona vyote viwili kwa wakati mmoja. Wahandisi walinung'unika mwezi wa kwanza. Mmoja aliniambia yeye si mwandishi. Nikamwambia mimi si mhandisi, na mama wa Kongowea si yeyote kati yetu.

Kila ukurasa sasa una jina la mwenyewe, mtu mmoja na si idara. Idara ikiulizwa, kila mmoja anamtazama mwenzake. Akihama kazi, ukurasa unakabidhiwa kama funguo za ofisi, na anayepokea lazima aukubali.

Jambo la ada lilikuwa rahisi zaidi na sijui kwa nini tulichelewa. Tulikuwa tumeandika ada ile ile ya kutuma katika kurasa kumi na nne. Ada ikibadilika, tunakumbuka kurasa kumi. Tukazifuta zote, tukaacha jedwali moja, na kurasa nyingine zote zinamwelekeza msomaji huko.

Na tukaanza kufuta. Hili ndilo lililoniuma zaidi kama mwandishi. Karibu theluthi ya kurasa nilizokuwa nimeandika hazikuwa na msomaji, wala mwenyewe, wala sababu. Nilizoea kufikiri kwamba maelezo mengi ni huduma nzuri. Kumbe kila ukurasa unaouacha mtandaoni ni ahadi kwamba utaendelea kuulinda.

Halafu kuna jaribio la kabambe. Kabla ukurasa haujatoka, tunampa mtu ambaye hajawahi kufanya kitu hicho, simu ya bei rahisi, na maelezo yaliyochapishwa. Tunanyamaza. Hakuna kusaidia, hata kwa macho. Mara ya kwanza alikuwa askari wa lango letu, mzee mtaratibu ambaye alifika hatua ya nne akaniangalia na kuuliza, "Hii 'endelea' mnayosema iko wapi, bwana? Hapa naona 'sawa'." Ukurasa huo ulikuwa umepitiwa na watu sita wenye shahada. Jaribio hilo tunalirudia kila baada ya miezi mitatu hata kama hatujui mabadiliko yoyote, kwa sababu mabadiliko tusiyoyajua ndiyo tunayoyatafuta.

Na karatasi zako je?

Hapa utasema: hayo ni ya kampuni. Lakini kama una duka, kibanda cha uwakala au nafasi ya mweka hazina wa chama, na wewe una maandishi yako ya hatua, hata kama ni daftari la mraba la shilingi hamsini au ujumbe uliobandikwa juu kwenye kundi la WhatsApp. Nayo yanachacha.

Nikupe mfano wa duka. Karatasi nyingi nilizoziona nyuma ya kaunta zinamwambia mfanyakazi: mteja akilipa, angalia meseji, mpe bidhaa. Zilikuwa sawa zamani. Hapa mtambo haukubadilika, waliobadilika ni wezi. Leo meseji ya kughushi inatengenezwa ikafanana na ya kweli hadi nafasi kati ya maneno. Kwa hivyo hatua inayostahili kuandikwa sasa ni kuangalia salio au orodha ya malipo ya Till yenyewe, au ujumbe ulioingia kwenye simu ya duka kutoka kwa jina la huduma, si ule unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja wala uliotoka kwa namba ya kawaida. Kama karatasi yako bado inasema "angalia meseji" peke yake, iondoe leo kabla ya kufungua kesho.

Mfano wa pili ni chama. Mweka hazina anaandika vizuri: mchango unatumwa kwa namba fulani, akaunti ni jina la mwanachama, mwisho tarehe tano. Uchaguzi unafanyika, mweka hazina anabadilika, lakini ule ujumbe wa zamani bado uko juu kwenye kundi. Mwanachama aliye Nakuru au Doha, ambaye hakuja mkutanoni, anatuma mchango wake kwa namba ya mweka hazina wa zamani. Si wizi. Ila sasa kuna pesa ya chama kwa mtu asiye na wadhifa, na mazungumzo magumu yanakuja. Siku ya kukabidhi daftari ndiyo siku ya kufuta ujumbe wa zamani, sio wiki ijayo.

Ukiandika hatua zako, weka tarehe juu, andika jina la anayezilinda, na usiandike PIN humo. Hata kwa penseli. Hata kinyumenyume. Anapoondoka mfanyakazi aliyekuwa akitumia simu ya duka, badilisha PIN siku hiyo na upitie karatasi yote, kwani huenda kuna hatua inayosema "muulize fulani", na huyo fulani ameshaenda zake Thika.

Tapeli anajua menyu imebadilika

Sababu iliyonifanya nitake kuandika haya kwa wateja, na sio kwa wahandisi peke yao, ni hii. Mtu anapofuata maelezo na simu ikamwonyesha kitu tofauti, anabaki kwenye pengo. Amesimama hapo, hajui aamini karatasi au kioo. Na hapo ndipo simu inapolia.

"Habari yako mteja wetu, napiga kutoka huduma kwa wateja. Kama umeona menyu yako imebadilika, ni kwa sababu tunaboresha mtambo. Usikate, nitakuelekeza hatua kwa hatua."

Angalia ujanja wake. Kila alichosema kuhusu menyu ni kweli. Imebadilika kweli, mtambo unaboreshwa kweli, na mteja ameona kwa macho yake. Tapeli amechukua mabadiliko yetu ambayo sisi hatukuyaeleza kwa wakati, akayaeleza yeye, na sasa ndiye anayeaminika. Kinachofuata ni kukuomba PIN au zile tarakimu zilizoingia kwa meseji. Kwa hivyo tukichelewa kubadilisha ukurasa, hatujakuchelewesha tu. Tumemwachia mtu mwingine kiti chetu.

Ikikutokea kwamba maelezo hayafanani na simu yako, simama hapo hapo, usiweke PIN. Kata simu ya yeyote anayekuelekeza. Angalia tarehe juu ya ukurasa, kisha utupigie wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye menyu yako rasmi au uende duka letu. Na tafadhali utuambie ni ukurasa upi. Siku hizi taarifa ya "ukurasa wenu umechacha" inaingia moja kwa moja kwa yule mwenye jina lake pale juu, na anatakiwa kuijibu ndani ya siku mbili za kazi. Nyingi huanza na matusi kidogo. Tunazisoma zote.

Nilienda Kongowea mwezi uliopita nikiwa na kadi mpya, ngumu, yenye maandishi makubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akiendelea kupima viazi vya mteja, kisha akanifuta kiti kwa leso. Akaisoma kadi yote polepole, kidole kikifuata mstari. Akafika kwenye tarehe.

"Na hii itachacha lini?" akauliza.

Nikamwambia sijui, ila tunaikagua kila miezi mitatu, na kama imebadilika nitamtumia nyingine. Hakuonekana kuridhika sana. Akachukua ile kalamu nene anayoandikia bei, akaandika chini ya kadi jina langu na namba yangu ya ofisini, na ndipo akaibandika juu ya mizani.